Mama anataka kwenda hija Nchi Takatifu na kundi la parokia ila magoti yanamsumbua, nimlipie au tusubiri?

Binti_wa_Ligula

Habari za leo wadau, Tumsifu Yesu Kristu kwa wenzangu, wengine asalaam aleikum, wakubwa wote shikamooni. Naomba ushauri maana hili jambo limenizungusha kichwa mpaka nimechoka.

Mama yangu anakaribia miaka sabini, alikuwa mwalimu wa msingi huko Tandahimba, amestaafu na sasa hivi yuko kwangu hapa Ligula, Mtwara mjini. Toka nina akili zangu anasema kabla sijafa nataka nikapaone alipozaliwa Yesu. Sasa wenzake wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, wameanza kujiandikisha kwenye kundi linalokwenda Nchi Takatifu alafu wanamalizia Roma, kuna padre atakuwa nao na kuna ajenti wa Dar ndo anashughulikia tiketi, viza na hoteli. Bei ni zaidi ya dola elfu tatu na wanataka nusu iwe imelipwa kabla mwezi ujao haujaisha. Hela sio tatizo sana, korosho msimu huu zimekaa vizuri kwenye mnada na kaka zangu wamechanga.

Tatizo ni mama mwenyewe. Magoti yanamsumbua, ngazi anapanda ila kwa kupumzika pumzika, presha anayo na dawa anameza kila siku, hajawahi kupanda ndege hata hii ya Mtwara Dar, na mimi siwezi kumsindikiza nina mtoto mchanga. Kaka mkubwa anasema tusubiri mambo ya vita yatulie kabisa huko, kaka mdogo anasema tukisubiri mama anazidi kuzeeka na hayo magoti hayarudi nyuma. Nimempigia ajenti nikamuuliza mtu wa magoti itakuwaje akanijibu "dada, mama ataenda tu, Mungu atamsaidia". Hapo ndo nikaingiwa na wasiwasi kabisa maana mi nilikuwa nataka kujua ngazi ziko wapi na ni ndefu kiasi gani.

Waliowahi kwenda au kumpeleka mzazi mniambie ukweli, hizi safari za kundi zikoje kwa mtu mzima anayetembea taratibu? Na huyu ajenti nitamjuaje kama ni wa kweli?

Mkorosho_Mkavu

Ajenti anasema Mungu atamsaidia, kwani kamisheni anachukua Mungu? Hahahaa. Ngoja waje waliofika.

MamaWawili_Chuno

Binti pole na hongera kwa kumuwazia mama. Mimi nilienda na kundi la Dar kabla ya vita ya Oktoba 2023 kwaiyo habari za usalama wa leo nitawaachia wengine, ila mawe na ngazi havijahama, hivyo nakwambia kama nilivyoviona.

Kwanza ujue kundi linatembea kwa mwendo wa mwongozaji. Yule anaongea na watu kwenye vispika vya masikioni, yuko mbele anaeleza, nyie mnamsikia hata mkiwa nyuma, kwaiyo yeye hana habari kwamba kuna mtu kabaki kwenye kona anashika ukuta. Anakuja kushtuka kwenye basi wakati wa kuhesabu watu. Na siku zenyewe zinaanza mapema sana, saa kumi na mbili asubuhi mko kwenye chai, saa moja basi limeondoka, mnarudi jioni mmechoka chakavu. Kwenye kundi letu wazee walikuwepo na walifurahi mno ila ni wale waliokuwa na mtu wa kutembea nao.

Sasa sehemu kwa sehemu. Nazareti hamna shida, Basilika ya Kupashwa Habari ni kubwa na kuingia ni rahisi, pango liko chini kidogo unaliona hata ukiwa umesimama. Galilaya ndo raha kabisa kwa wazee, Mlima wa Heri basi linafika juu, bustani, upepo wa ziwa, Misa unasali nje mkipenda. Kapernaumu tambarare, ile nyumba ya Petro wamejenga kanisa juu yake unachungulia kwa kioo. Tabgha hivyo hivyo. Kwenye boti ya ziwani kuna kuruka kidogo pale gatini, vijana wanashika mkono. Kana wale wenye ndoa wanarudia ahadi zao, mama kama ni mjane mwandae maana pale wengi wanalia. Tabor mabasi makubwa hayapandi, mnashushwa chini mnapakiwa kwenye vigari vidogo, kona zile usiangalie dirishani.

Bethlehemu unavuka ukuta, ni upande wa Wapalestina, pasipoti iwe karibu. Basi linapaki mbali kidogo na uwanja wa kanisa alafu mnapandisha. Mlango wa kanisa ni mfupi sana, wenyewe wanauita Mlango wa Unyenyekevu, lazima uiname kabisa, na kwenda kwenye pango lenye ile nyota ya fedha ya pembe 14 unashuka vingazi vya mawe vilivyolika, watu wamebanana. Sio vingi ila ukiwa na goti bovu na nyuma unasukumwa utavikumbuka. Kuna foleni ya kusimama pia, inaweza kwenda saa na zaidi.

Yerusalemu ndo kazi. Mlima wa Mizeituni mnaanzia juu mnateremka mpaka Gethsemane, ile barabara ya Matawi ni mteremko mkali na wazee wanafikiri kwa vile ni kushuka basi ni rahisi, kumbe kushuka ndo kunaumiza magoti kuliko kupanda. Mwambie mama pale asishuke kwa miguu, aombe teksi au abaki na basi linalozunguka chini, Gethsemane yenyewe na Kanisa la Mataifa Yote ni tambarare ataungana nao. Njia ya Msalaba inapita katikati ya soko, mawe yanateleza, kuna vingazi kila baada ya hatua kidogo, mikokoteni inapita watu wanapiga kelele za biashara, ukitegemea utulivu wa Ijumaa Kuu kanisani kwetu sahau. Vituo vitano vya mwisho viko ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, na kupanda Golgota humo ndani ni ngazi zimesimama wima na nyembamba. Mimi mwenye magoti mazima nilishika ukuta. Ila nikifika pale, dada, sina la kuongeza, mama yako akipata mtu wa kumshika mkono akapanda taratibu asubuhi kabla watu hawajajaa atafika.

Kwaiyo usimuulize ajenti "mama ataweza?" Mwambie akupe programu ya kila siku kwa maandishi, na kila mahali muulize basi linaishia wapi, na asiyepanda anakaa wapi na nani. Akikosa majibu ujue hajawahi kufika huko.

Mtu_wa_Tiketi

Mi mzaliwa wa Shangani ila niko Dar na hizi tiketi za makundi ndo kazi yangu, ngoja niongelee upande wa hela.

Kampuni isiyo na jina BRELA, wale wanaosajili makampuni, achana nayo, kuangalia ni mtandaoni tu dakika chache. Hela ilipwe kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni, ukiambiwa tuma kwenye namba ya simu ya mtu sababu "akaunti ina shida leo" simama hapo hapo. Risiti iwe ya EFD, yaani ya mashine ya TRA, ile ya kitabu cha kununua dukani sio risiti. Alafu muulize ajenti tiketi za ndege anakata mwenyewe au anapitia kwa mwenzie mwenye IATA, kibali cha kukata tiketi za ndege, na zikishakatwa akupe namba ya buking uingie kwenye tovuti ya shirika la ndege uone jina la mama lipo. Kuna makundi yamefika uwanja wa ndege Dar na mabegi yao na fulana za kufanana ndo wanaambiwa viti vilishikwa tu havikulipiwa.

Kinachoumiza watu zaidi ni karatasi ya masharti ambayo hakuna anayeisoma. Je viza ikikataliwa anarudisha nini? Je kundi lisipofika idadi? Je ndege za Tel Aviv zikisitishwa wiki moja kabla, mnaahirisha au mnarudishiwa? Hili la mwisho sio la kufikirika, toka 2023 mashirika yamesitisha na kurudisha hizo safari mara nyingi. Na bima ya safari isome kipengele cha vita maana nyingi zinakitoa, soma pia kipengele cha ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla ya safari, maana presha ya mama iko hapo.

Viza ni mbili. Israel ni ya kwake, kwa makundi mara nyingi inaombwa kwa pamoja kupitia wenyeji wa kule. Roma ni Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, hiyo kila mtu kivyake, anatoa alama za vidole mwenyewe Dar kwaiyo mama atapanda basi au ndege kuja huku mara moja kabla ya safari, hiyo gharama watu wanaisahau. Ada yake ni yuro 90 kwa mtu mzima na hairudi hata ukinyimwa, na bima lazima ifikie yuro 30,000. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla mpaka siku 15 kabla, usisubiri hizo 15.

Na katika hiyo dola elfu tatu uliza chakula cha mchana kimo? Mara nyingi ni asubuhi na usiku tu. Bakshishi ya dereva na mwongozaji imo? Ile inakusanywa kwa kila siku na ni lazima hata kama wanasema ni hiari. Chumba ni cha watu wawili, akitaka cha peke yake anaongeza. Kitu kingine ambacho hakisemwi kanisani, kawaida ya kazi hii ni kiongozi wa kundi kupata nafasi ya bure watu wakifika idadi fulani. Sio dhambi, padre naye atakula wapi, ila ujue tu kwamba anayekuhimiza ujaze fomu haraka naye ana kiti chake kinachosubiri.

Katekista_Mstaafu

Mimi nitasema wasiyopenda kusikia. Dola elfu tatu na zaidi kwa mtu mmoja, na kuna vigango huku Nanyamba na Newala mvua ikinyesha Misa inasimama kwa sababu bati zimetoboka. Mungu wa Bethlehemu ndo huyo huyo wa kigangoni. Tena wanaotaka mahali patakatifu tunapo hapa hapa Kusini, Askofu Cassian Spiss aliuawa kule Liwale tarehe 14 Agosti 1905 wakati wa Maji Maji, yeye na mabruda wawili na masista wawili. Ni mkoa wa Lindi huu. Wangapi humu mmeshafika hapo kusali? Ndanda yenyewe misheni toka 1906, leo abasia, wengine mnaijua kwa hospitali tu.

DadaNyangao

Mzee shikamoo. Liwale naheshimu na ni kweli hatuendi, hilo umetupata. Ila huyu mama amefundisha watoto wa watu Tandahimba miaka yote hiyo na hela wamechanga wanae kwa korosho zao, leo tumwambie apeleke kwenye bati? Bati tutachangia wote mzee, mi mwenyewe weka namba ya kigango nitume. Mama aende zake Bethlehemu.

Sasa binti, kuna wazo lingine. Mmefikiria Lourdes? Nasema kwa sababu ni sehemu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wasiojiweza kutembea. Mama Maria alimtokea Bernadette pale mara 18 mwaka 1858, chemchemi ipo unachota maji bure, na pale pangoni mpaka kwenye makanisa ni uwanja tambarare. Wagonjwa na wazee ndo wanaopewa nafasi ya mbele kwenye kila kitu, kuna watu wa kujitolea kazi yao ni kusukuma viti mwendo tu, saa kumi na moja jioni maandamano ya Ekaristi na saa tatu usiku ya mishumaa na Rozari, watu wa mataifa yote. Miujiza iliyothibitishwa na Kanisa ni zaidi ya 70. Makundi mengi yanaunganisha Roma na Lourdes, wengine wanaongeza Fatima walikotokewa wale watoto watatu 1917, na faida kubwa ni viza moja tu ya Schengen inakupeleka kote huko, hamna vita hamna kuvuka kuta. Ila maandamano ya mishumaa ya kila siku ni kuanzia majira ya Pasaka mpaka Oktoba, mkienda katikati ya baridi mtakuta pamepoa.

Mkorosho_Mkavu

Wengine tuliokosa korosho nzuri msimu huu tushauriwe Namugongo ya Uganda basi, tarehe 3 Juni, nauli ya basi naimudu.

DadaNyangao

Namugongo sio ya kukebehi, mashahidi 22 wale Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu 1964. Ila kwa mama wa magoti siku ya tarehe 3 simshauri, umati ule ni wa kukanyagana, bora aende siku za kawaida. Hata Kibeho Rwanda ni pazuri na pametulia ukiacha tarehe 28 Novemba, siku yao kuu. Shida ya sisi wa Kusini ni kwamba kutoka Mtwara mpaka mpaka wa Rusumo kwa basi hilo goti litakuwa limeshakufa njiani, ndege ya Roma inaweza ikawa nafuu kwa mwili.

Wa_Mikindani

Asalaam aleikum. Mimi sio wa kanisani lakini nimempeleka bi mkubwa wangu Makka na kundi, mambo ya wazee kwenye safari za ibada yanafanana, nichangie kidogo kama hamtojali.

Kitu cha kwanza mtafutie mtu mmoja mahsusi ndani ya hilo kundi. Asiwe "wote watamuangalia", wote maana yake hakuna. Ukae na huyo mtu, ongea nae mbele ya mama, ikibidi mpunguzie kitu kwenye nauli yake, alale nae chumba kimoja, akae nae kiti kimoja kwenye basi. Kwetu kule wapo wasukumaji wa viti wa rasmi unalipa wanamzungusha mzee, sijui kwa huko kwenu lakini uliza mapema.

Cha pili dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi, sio la kupakia, ziwe kwenye paketi zake na karatasi ya daktari. Begi la kupakia linaweza kwenda Dubai peke yake. Cha tatu mazoezi, aanze sasa, kila jioni atembee na viatu vile vile atakavyosafiri navyo, asinunue vipya wiki ya safari. Bi mkubwa alianza kwa kuzunguka msikiti tu, baadae akawa anafika mpaka ufukweni na kurudi.

Na simu. Mama ajue kupokea na kupiga watsapu ya sauti mwenyewe bila kuitiwa mjukuu, na kwenye kikaratasi kilichopigwa lamineshi avae shingoni jina lake, jina la hoteli na namba ya kiongozi. Wazee wanapotea kwenye lifti za hoteli jamani, huko barabarani hata hawafiki.

MamaWawili_Chuno

Kaka wa Mikindani umemaliza. Hilo la mtu mmoja ndo nilikuwa nalitafuta maneno yake. Naongezea khanga, abebe hata nne, kule makanisani mabega na magoti lazima yafunikwe na wazungu wanahangaika kununua vitambaa mlangoni, wewe unajifunga tu unaingia. Na nguo za baridi za kweli. Watu wa Mtwara tukisikia Israel tunafikiria jangwa, Yerusalemu iko juu kama mita 800, Januari na Februari ni baridi ya kutetemeka na mvua, wengi mnalipa hela ya korosho ikitoka mnajikuta mnasafiri miezi hiyo hiyo. Kwa magoti ya mama baridi ni adui. Afadhali baada ya Pasaka au Oktoba.

Binti_wa_Ligula

Jamani nashukuruni sana, nimesoma yote na nimemsomea mama jioni. Katekista shikamoo mzee wangu, mama amekusikia amesema bati atatoa na Bethlehemu ataenda, msimlazimishe kuchagua.

Nimerudi kwa ajenti nikaomba programu ya kila siku. Amenitumia bango, lile lile la rangi la watsapu, sio programu. Sasa kwenye hilo bango upande wa Roma wameandika "kupita Mlango Mtakatifu wa Basilika ya Mtakatifu Petro na kupata rehema kamili" na "kuonana na Baba Mtakatifu" kwa nyongeza ya dola kadhaa. Hii imekaaje?

Mtu_wa_Tiketi

Hahaha hilo bango ni la mwaka jana dada, kabadilisha tarehe tu. Mlango Mtakatifu ulikuwa wa Jubilei ya 2025 na umefungwa tarehe 6 Januari 2026, atawapitisha ukutani? Na kuonana na Baba Mtakatifu ni Jumatano, ile katekesi ya uwanjani au ukumbini, tiketi zake ni BURE zinatoka Vatikano, hakuna wa kuziuza. Jumapili saa sita mchana Malaika wa Bwana huhitaji hata tiketi. Anayeweka bei hapo anakuuzia hewa.

Sisemi ni tapeli moja kwa moja, kuna wavivu pia. Ila mvivu wa bango ndo mvivu wa viza.

Katekista_Mstaafu

Mwambie mama namsalimia, nimecheka sana. Na hilo la Mlango muende mkamwambie padre, inawezekana naye hajaliona hilo bango, akina baba hawa wana mambo mengi. Rehema kamili haikatiwi tiketi, masharti yake mama anayajua kuliko huyo ajenti, kitubio, komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu na kuachana na dhambi.

Binti_wa_Ligula

Leo baada ya Misa ya kwanza nilimfuata padre. Bango hakuwa ameliona kweli, alikasirika pale pale. Kawaita viongozi wa WAWATA na wameamua hela yoyote isilipwe mpaka ajenti alete programu ya maandishi na masharti ya kurudisha hela, na kama hatoleta wiki hii wanatafuta mwingine. Wamekubali pia safari isogee mpaka baada ya Pasaka, kumbe hata wengine wazee walikuwa wanaogopa baridi ila hawasemi.

Kuhusu Lourdes nilimwambia mama, DadaNyangao nisamehe, amenijibu "mi sijasema naumwa, nimesema nataka kwenda Bethlehemu". Kwaiyo tumekubaliana hivi na kaka zangu, kama ndege zitakuwa zinakwenda vizuri kufikia Pasaka anakwenda, kama hazitakuwa vizuri anasubiri hela ikiwa benki kwetu sio kwa ajenti. Kaka mkubwa hapo ametulia. Na mtu wa kukaa nae tumempata, nesi mstaafu wa hapa hapa jumuiya yetu, wanaimba wote kwaya na wanagombana kila siku kwaiyo wanajuana.

Swali la mwisho. Pasipoti hana. Na kwenye NIDA ameandikwa jina la mume, vyeti vya ualimu vina jina la baba yake, cheti cha kuzaliwa hana kabisa kazaliwa kijijini enzi hizo. Naanzia wapi?

Mtu_wa_Tiketi

Hiyo ni ya kawaida kwa wazee wote wa Kusini usiogope. Anza na cheti cha kuzaliwa RITA, kadi ya ubatizo inasaidia sana kwa watu wa umri wake kwaiyo nenda parokia aliyobatizwa ukatoe nakala kwenye kitabu chao. Jina chagueni moja ambalo liko NIDA, na hayo mengine wakili anaandika kiapo kwamba ni mtu yule yule. Alafu fomu ya Uhamiaji inajazwa mtandaoni, ada ni shilingi 150,000, mnakwenda ofisi ya mkoa hapo hapo Mtwara kwa picha na vidole. Jina kwenye pasipoti na kwenye tiketi vifanane herufi kwa herufi. Na kwenye Schengen kwa vile wewe ndo unalipa, weka barua yako ya kumdhamini, taarifa yako ya benki ya miezi ya karibuni na kitu kinachoonyesha wewe ni mwanae, cheti chako cha kuzaliwa kinatosha kama kina jina lake. Hapo napo angalia ameandikwa jina lipi, ndo maana nasema kiapo kiandikwe kitaje majina yote.

Akifika Israel hawagongi muhuri kwenye pasipoti, wanampa kikaratasi kidogo, asikitupe mpaka atoke.

Mkorosho_Mkavu

Sasa utani pembeni, bi mkubwa wangu wa Masasi ameona hii mada kwenye simu yangu anauliza hilo kundi bado lina nafasi? Naomba namba ya padre.

Binti_wa_Ligula

Namba ya mtu siweki hapa. Mlete ofisi ya parokia siku za kazi asubuhi, aje na viatu vyake, kila Jumanne na Alhamisi jioni wanatembea wote kutoka kanisani mpaka Shangani ufukweni na nesi ndo kocha.